Uzima hatutaki, taja kingine

Sanduku la kikoba chetu pale Kibirizi, Kigoma, lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake. Jumatano ile ya Juni 2024 wenye funguo wote walifika, ila hakuna aliyekuja na hata hisa moja. Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa kwa uvuvi tangu katikati ya Mei, na lisingefunguliwa mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Sababu tuliielewa. Dagaa walikuwa wanapungua mwaka hadi mwaka, wala hatukuhitaji mtaalamu atuambie. Lakini kama unaishi kwa kuanika dagaa, kuelewa hakulipi marejesho.

Mimi nilikuwa na mkopo wa kausha damu, ile ya riba kali, juu ya ule wa kikoba. Nalala saa sita, saa nane niko macho, moyo unadunda kama niliyekimbizwa. Kila niliyemgusia aliniambia, "Mshukuru Mungu mama, wewe mzima." Nilichoka nayo hiyo. Ukishajibiwa hivyo, ni kama umenyimwa ruhusa ya kuumia.

Mwenyekiti wetu, mama wa Kiha asiye na maneno mengi, akasema: "Kwa kuwa hela hakuna, kila mtu ataje kitu kimoja kilichomfaa leo. Leo, si juzi. Uzima hatutaki, watoto hatutaki, hivyo tunavijua."

Wa kwanza akasema kondakta wa haisi ya Mwandiga kamsamehe mia mbili. Mwingine, mtoto wa jirani kambebea ndoo bila kuombwa. Ikafika kwa bibi yetu, mkubwa kuliko wote. Akajitengeneza khanga, akasema taratibu, "Mimi leo nimepata choo. Ilikuwa siku ya nne." Tulicheka mpaka mhazini akatoka machozi. Bibi hakuona cha kuchekesha. "Chekeni tu, wajukuu zangu. Yatawakuta."

Zamu yangu ilipofika nikasema sina. Mwenyekiti hakunihubiria. Alimgeukia katibu: "Mwandike, anadaiwa. Jumatano ijayo alete viwili." Na katibu akaniandika kweli, kwenye daftari lile lile la faini za wachelewaji.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Deni jingine tena! Ila mdaiwa hutafuta, na kesho yake nikajikuta natafuta. Asubuhi jirani alinipimia mawese kwa kikombe, yale mazito mekundu, kisha akaongeza kijiko kimoja huku anatazama pembeni, kama hataki nione. Nikasema moyoni: hicho kimoja. Cha pili nilikipata jioni kwa fundi baiskeli, aliyekataa hela ya upepo. Madeni hayakupungua hata shilingi, lakini kutwa nzima macho yangu yalikuwa na kazi nyingine. Usiku nilishtuka saa nane kama kawaida, ila safari hii usingizi ulinirudia.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti wa jambo hili hili. Kundi moja la watu liliandika mambo ya kushukuru, jingine kero zao, na wale wa shukrani wakayaona maisha yao kwa jicho jema zaidi. Nilipomsimulia mwenyekiti, aliuliza tu kama na wao walikuwa wanaandikana kwenye daftari.

Haikutosha kwa kila mtu, lazima niseme. Mwenzetu mmoja alikuwa anataja vizuri kila wiki huku anazidi kukonda na kukimbia watu. Mwenyekiti ndiye aliyemsindikiza hospitali. Wakasema ni sonona, akaanzishiwa dawa na kupangiwa siku za kuonana na mshauri. Nauli tulitoa kwenye mfuko wa jamii, na hakuna aliyethubutu kumwambia ashukuru ni mzima.

Ziwa lilipofunguliwa kazi zilituzidi, kutaja kukafifia kikobani. Mimi sijaacha. Nataja alfajiri nikigeuza dagaa kwenye chanja, tena kwa sauti. Vibarua wameshanizoea, wachuuzi wageni ndio huuliza naongea na nani.