Betri imevimba
Simu haijatimiza hata miaka miwili, betri imevimba mpaka kioo kimebinuka. Fundi wa Kariakoo kaigeuzageuza, kacheka: "Dada, hizi hazitaki kufunguliwa, wamezibandika kwa gundi. Nunua nyingine tu."

Nyingine! Ndani ya betri hii mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka Kongo, kule Kolwezi na jirani zake, ambako wapo wanaoingia mashimoni na sururu na koleo. Madini yamelala ardhini mamilioni ya miaka, mimi niyatupe baada ya miezi 20 kwa sababu ya gundi? Halafu tunaambiwa hii ndiyo teknolojia ya kisasa.

Nimemwambia aibandue hivyo hivyo, kioo kikipasuka ni juu yangu. Nipo kwenye benchi, nasubiri.