Wanaopanga sherehe za Uhuru Tabora, sikieni

Tarehe 9 Desemba huku ni mvua, kwa hiyo turubai kwanza, mapambo baadaye. Picha za zamani zitiwe plastiki, zisilowe. Wazee waongee kabla ya ngoma. Ngoma ikishalia, nani atamsikiliza mzee? Wekeni na mtu wa kuwashikia maikrofoni, maana wengi huishusha kifuani sauti ikapotea.

Na msiishie 1961. Januari 1958 TANU, chama kilichopigania uhuru, ilikutana hapahapa Tabora ikakubali kuingia uchaguzi wa kura tatu: kila mpigakura alichagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake inaharibika. Vijana wengi hawalijui (aibu yetu). Chapeni kura za mfano, wapige wenyewe, ndipo mzee aeleze kwa nini wajumbe walibishana.