Bakuli la fedha kifuani, mrashi wa bibi kabatini

Jamani hii nnayo moyoni wiki nzima. Niliona video ya mzee wa Kitibeti, katia mkono kifuani ndani ya joho lake katoa bakuli la mti, ndani limevishwa fedha, linang'aa hilo, akamiminiwa chai humo humo. Wenyewe wanaliita phorpa. Yale mazuri huchongwa kwenye kinundu cha mti, pale shina lilipovimba, kwa sababu ya mistari yake, halafu sonara ndo analivisha. Na kila mtu ana lake, akenda safari anakwenda nalo.

Chai yao ina chumvi na siagi ya yak, yule ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu, inapigwapigwa ndani ya chombo kirefu cha mti mpaka ichanganyike. Ikibaki kidogo chini wanatia tsampa, unga wa shayiri ya kukaanga, wanakanda kwa vidole mumo humo wanakula. Mgeni kikombe chake hakiachwi kitupu, akipiga funda anaongezewa, hapo nikasema hawa ni watu kama sie. Nyumba zenye uwezo kikombe cha kauri kinakaa juu ya kigoda cha fedha na kifuniko cha fedha kimechongoka kama paa, chai isipoe.

(Mkiona mtandaoni "fedha ya Tibet" kwa bei ya chapati jihadharini, mara nyingi ni shaba na nikeli tu. Mie nilinunua kikombe, sonara wa Mkunazini akakikwaruza kidogo tu pakatoka wekundu.)

Sasa kilichoniuma ni mrashi wa bibi yangu. Fedha tupu, umefungiwa kabatini, unatoka harusini na kwenye maulidi basi, na kila ukitoka ni mweusi. Mama anasema ukitumiwa utaharibika, kumbe fedha inapigwa weusi na salfa iliyomo hewani hata ikikaa tu, na hewa yetu hii ya unyevu ndo inazidisha, kile kinachoshikwa na kufutwa kila siku ndo kinabaki cheupe.

Ijumaa nikautoa, nikausugua kwa jivu laini na kitambaa, nikatia marashi, wageni walipokuja kunywa kahawa nikawarashia mikononi mmoja mmoja. Mama alinitazama kimya, mwisho akaleta mikono yake na yeye.