Ukipata ajali, usikimbilie kusema "sijaumia"

Watu wengi wakitoka kwenye ajali husema "niko salama, sijaumia" kabla hata hawajajikagua. Mwili ukishtuka humwaga adrenalini, na maumivu hujificha kwa muda. Mtu huinuka, hujikung'uta vumbi na kutembea vizuri tu, kisha usiku shingo inakaza na asubuhi hawezi kugeuza kichwa. Ukiulizwa na askari au na dereva mwingine, jibu la kweli ni hili: "Bado sijui, nakwenda kupimwa."

Kinachotangulia yote ni damu. Jeraha likivuja sana, weka shashi au kitambaa safi, ukandamize kwa kiganja dakika 10 mfululizo. Wengi hukosea hapa: kila baada ya muda mfupi hufunua kuchungulia, na damu iliyoanza kuganda hubanduka, inabidi waanze upya. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Kipande cha chuma au kioo kilichozama mwilini usikichomoe, maana huenda ndicho kinachoziba mshipa. Kandamiza pembeni mwake. Shingo au mgongo ukiuma, au miguu ikiwa na ganzi, tulia ulivyo hadi wahudumu wafike, isipokuwa pana moto au hatari nyingine ya papo hapo. Wasamaria wanaokuvuta ili "ukae vizuri" wana nia njema, lakini wanaweza kukuumiza uti wa mgongo.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mweleze daktari kila panapouma, hata kidole, na namna ajali ilivyotokea: uligongwa upande gani, ulikuwa umefunga mkanda, ulipoteza fahamu hata kidogo? Alama ya mkanda tumboni usiidharau, kwani utumbo au bandama inaweza kuwa imeumia ndani bila kuonekana nje. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Kwa kidonda kichafu, nyongeza huhitajika kama imepita miaka 5 tangu sindano ya mwisho; kwa kidonda kidogo na safi, miaka 10.

Kama kichwa kiligongwa, usilale peke yako nyumbani kwa siku moja au mbili za mwanzo. Kutapika tena na tena, kichwa kinachozidi kuuma, usingizi mzito usio wa kawaida, maneno kuvurugika, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, au maji maangavu kutoka puani au sikioni: rudi hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kupambazuke. Vivyo hivyo ukifungwa plasta ngumu ya mfupa uliovunjika, kisha maumivu yakazidi licha ya dawa na vidole vikawa baridi au vikafa ganzi. Hapo usiongeze kidonge. Uvimbe unabana damu ndani ya plasta, na msuli unaweza kufa kwa saa chache tu.

Ushahidi nao haukai. Piga picha za eneo zima kwanza, kisha za karibu: alama za breki, vioo vilivyotapakaa, namba za magari. Chukua majina na simu za mashahidi kabla hawajatawanyika. Michubuko ipige picha kila siku ukiweka sarafu kando yake ili ukubwa uonekane, kwa sababu leo ni ya zambarau, wiki ijayo ni ya njano, kisha inapotea. Risiti zote ziweke pamoja, hata za nauli ya kwenda kliniki. Kila jioni andika mistari miwili mitatu daftarini: panauma wapi, umeshindwa kufanya nini, umekosa kazi siku ngapi.

Kampuni ya bima ikikuletea mapema karatasi ya malipo, soma kama imeandikwa kuwa hutadai tena. Goti linaloonekana limeteguka tu laweza kuhitaji upasuaji miezi kadhaa baadaye, na sahihi yako ikishakuwepo, gharama hiyo huenda ukaibeba mwenyewe. Mwulize kwanza daktari wako: nimepona, au bado?