Alama Juu ya Nyusi

Ilikuwa Februari mwaka 2016, kaskazi imekaza, nasi tunakaa Kibokoni, Mombasa, orofa ya pili ya nyumba ya mawe ambayo madirisha yake yote yanatazama ukuta wa jirani. Binti yangu alikuwa na miaka minne. Jioni moja namkogesha, nikaona vipele vitatu mgongoni. Harara hiyo, nikasema. Msimu ule nani hakuwa na harara? Nikampaka poda, tukalala.

Asubuhi harara imeingia maji. Kila kipele kimebeba lengelenge dogo linalong'aa, na vingine vimechomoza tumboni, nyuma ya masikio, mpaka kichwani katikati ya mistari ya nywele alizosukwa. Mwili moto.

Daktari wa zahanati alimfunua fulana, akasema neno moja tu: tetekuwanga. Kisha akamwacha mtoto akamgeukia mke wangu, ambaye alikuwa na mimba ya miezi mitano.

"Wewe mama, hii ulishaugua?"

Mke wangu hakujua. Akampigia simu mamake Kisauni, na mkwe wangu hakusita hata kidogo: nyumbani kwake iliingia surua, tete haijapata kukanyaga. Daktari akaandika kipimo cha damu, akatueleza kuwa tete kwa mja mzito ambaye hana kinga si jambo la kuchezea, na kwamba ugonjwa huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya vipele kuonekana. Maana yake tulikuwa tumeshachelewa kidogo. Hata hivyo asikae chumba kimoja na mtoto mpaka majibu yatoke. Mke wangu akavuka daraja la Nyali jioni ile ile, analia.

Mimi nami nikaulizwa. Nikampigia mamangu.

"Wewe? Ulitoka ukajaa mwili mzima! Alama yake unayo mpaka leo, hiyo hapo juu ya nyusi."

Nikaigusa. Maisha yangu yote nilijua ile alama niliipata kwa kuanguka ngazini nikiwa mdogo. Lakini mtu hubishana vipi na aliyemzaa kuhusu utoto wake mwenyewe? Basi muuguzi nikawa mimi. Nikaomba ruhusa ya wiki moja pale ofisini, tunapotoa makontena bandarini, na mkubwa wangu akacheka: mwanamume kukaa nyumbani kwa ajili ya tete!

Mama alifika alasiri kwa tuktuk kutoka Majengo, na kikapu chake. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba huku macho yako kwa mtoto, ambaye nywele zake zilikuwa bado zinadondosha maji.

"Umemkogesha?"

"Daktari ndiye aliyesema, mama. Maji yasiwe ya moto, akaushwe kwa kubonyezwa, asisuguliwe."

Akaketi kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Kwao mgonjwa wa vipele hapewi maji, maana maji huirudisha ndani ikamla mtu maini. Hofu hiyo nadhani ni ya zama za ndui. Ulimwengu ulitangaziwa mwaka 1980 kwamba ndui imekwisha, ila mamangu hakupelekewa barua. Tulivutana mpaka magharibi. Mwisho tukasikizana hivi: mtoto ataoga, lakini maji yatachemshwa na majani ya mwarubaini kwanza, kisha yapoe. Nikakubali. Maji ni maji. Dawa zake za mkobani, zile aspirini anazompa kila mwenye kuumwa na chochote, hapo sikukubali. Daktari alinikazia: mtoto mwenye tete haguswi na aspirini, inaweza kumdhuru ini na ubongo, na ibuprofeni pia tuiache. Homa ni paracetamoli ya maji, kwa kadiri ya uzito wake, basi. Mama akafunga mkoba, hakusema neno.

Liwa, ule mti wa kunukia, hakuiacha. Alilisugua gogo lake juu ya jiwe kwa marashi ya mawaridi, akataka kumpaka mwili mzima. Nikamwambia asiguse vilivyopasuka, visije vikaingia uchafu. Akampaka kipaji cha uso na nyayo. Mimi nikaja nyuma na pamba na ile dawa ya pinki ya kutuliza mwasho, nikagusa kimoja kimoja. Mtoto akawa na madoa ya pinki huku ananukia kama bibi harusi.

Mchana hapakuwa na neno. Usiku ndio uliokuwa kazi.

Joto likizidi, mwasho huzidi. Nilimkata kucha mpaka mwisho, bado akajikuna. Nikamvisha soksi zangu mikononi, nikazifunga kwa utepe. Akazipenda, akawa ananipiga ngumi. Saa saba stima zikapotea, pangaboi likasimama, na chumba kikawa tanuri. Nilimbeba hadi ubarazani, nikampepea kwa kipepeo cha mkaa, maana ndicho nilichokipapasa gizani jikoni. Hesabu ndiyo iliyomtuliza. Alihesabu vipele vya tumbo lake. Alijua kufika 20 tu. Akifika, anaanza tena moja. Sijui tulifika 20 mara ngapi. Ikalia honi ya meli upande wa Kilindini, akauliza kama na meli nayo inawashwa. Alfajiri ilipoadhiniwa mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi, naye amelala mdomo wazi.

Siku ya tatu nilidhani tumemaliza, kumbe tete hutoka kwa mafungu. Vya kwanza vimeshakuwa vigaga, vya pili vina maji, na vya tatu ndio kwanza vinachomoza. Vikaingia mpaka kinywani. Chakula hataki, uji wa mchele anautema, kinachopita ni maji ya madafu yaliyokaa kwenye friji. Anacholilia ni mabuyu. Nikasema hapana, yana ukali na pilipili. Akalia saa nzima. Nikashindwa, nikampa kokwa moja. Kilio kilichofuata jirani alikuja kugonga mlango. Nikamwahidi: ukipona, baba atakununulia mfuko mzima.

Jirani huyo huyo alirudi siku iliyofuata na mwanawe, ati wacheze pamoja, aipate aimalize akiwa mdogo. Mama alishamfungulia. Nikawarudisha mlangoni, tukanuniana mwezi mzima. Chanjo ya tete ipo, ila haimo katika zile za bure za kliniki ya watoto; mimi mwenyewe sikuwa nimepata kuisikia.

Siku ya sita kila kipele kilikuwa kigaga kikavu. Na majibu ya damu yakatoka: mke wangu alikuwa na kinga. Aliwahi kuugua tete utotoni, mamake asitambue au akasahau. Mkwe wangu aliona maabara imemvunjia heshima. Mke wangu akarudi, tukafua mashuka, nikarudi bandarini.

Siku ya kumi na tano tangu vile vipele vitatu vya mgongoni, niliamka kichwa kinapasuka na mifupa inauma. Nikajitazama kifuani. Harara, nikajiambia.

Daktari alinitazama muda mrefu. Mtu mzima, akasema, tete humpiga vibaya zaidi kuliko mtoto. Akaniandikia vidonge vya asikloviri siku hiyo hiyo, akaniambia nikibanwa na kifua nisingoje asubuhi. Nilimpigia mama. Kimya kirefu.

"Basi alikuwa ni nduguyo," akasema. "Wewe ulianguka ngazini."

Tulizaliwa saba, simlaumu. Alikuja na jiwe lake na liwa, na safari hii sikubisha na mtu, nilikuwa natetemeka chini ya shuka katika joto la Machi. Mtoto akapanda kitandani na zile soksi, akanivisha mwenyewe, akanifunga utepe. Ulimi wake ulikuwa mwekundu, shavu limevimba kwa mabuyu niliyomnunulia. Akaniambia nigeuke. Akaanza kuhesabu mgongo wangu, akafika 20, akatema kokwa kiganjani, akaanza tena moja.