Simu, Muuguzi au Mgonjwa Mwenyewe: Ni Nini Kilicholeta Matokeo?

Ninaposoma ripoti inayotangaza kwamba programu ya simu au kifaa cha kidijitali kimeboresha afya ya watu, huanza kwa kutafuta chanzo cha mafanikio hayo kabla ya kuuliza ukubwa wake. Ukubwa huonekana kwenye jedwali la kwanza. Chanzo hakionekani mahali popote, nacho ndicho kitakachoamua kama kituo kingine cha afya, chenye watumishi wengine na wagonjwa wengine, kikinunua teknolojia ileile kitapata matokeo yaleyale.

Mfano ninaourudia kuliko mingine ni jaribio lililofanyika Kenya, ambalo washiriki wake waliandikishwa kati ya mwaka 2007 na 2008, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010 katika jarida la The Lancet. Watu 538 waliokuwa wakianza dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi waligawanywa kwa nasibu, yaani kama kwa kura. Kundi linganishi lilipata huduma ya kawaida, na kundi jingine likapata huduma hiyohiyo pamoja na ujumbe mfupi wa simu mara moja kwa wiki, wenye swali fupi: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Baada ya mwaka mmoja, asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe walieleza kwamba walikuwa wametumia dawa ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 katika kundi linganishi, na waliokuwa na virusi vilivyofubazwa walikuwa asilimia 57 dhidi ya asilimia 48.

Jaribio hilo lilifanywa vizuri, na kwa kuwa mgawanyo ulikuwa wa nasibu tunaweza kusema kwa haki kwamba tofauti hiyo ilisababishwa na mpango wa ujumbe. Lakini mpango huo ulikuwa na sehemu kadhaa ndani yake. Mgonjwa aliyejibu "Shida", au ambaye hakujibu kabisa kwa siku mbili, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Kwa hiyo aliyepokea ujumbe alipata angalau mambo matatu kwa pamoja: kitu cha kumkumbusha dawa, hisia kwamba kuna mtu anayemjali kila wiki, na njia ya kumfikia muuguzi pale madhara ya dawa au taabu nyingine ilipomlemea. Kichwa cha habari kitasema ujumbe wa simu umesaidia. Meneja atakayekisoma ataweka mfumo unaotuma ujumbe wenyewe, bila mtu wa kupokea majibu, akiamini kwamba ameiga kilekile kilichofanya kazi.

Majaribio mengine mawili yanatusaidia kuzitenganisha sehemu hizo. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya jaribio jingine la Kenya, lenye watu wazima 431, ambalo lililinganisha ujumbe wa kila siku na wa kila wiki, mfupi na mrefu, huku matumizi ya dawa yakipimwa kwa vifuniko vya chupa vinavyorekodi kila vinapofunguliwa. Katika wiki 48, asilimia 53 ya waliopata ujumbe wa kila wiki walifikia kiwango cha kutumia angalau asilimia 90 ya dawa zao, dhidi ya asilimia 40 ya wasiopata ujumbe. Ujumbe wa kila siku haukuonyesha manufaa hayo, wala kuongeza maneno ya kutia moyo hakukuzidisha chochote. Kama kukumbushwa peke yake ndiko kungekuwa siri ya mafanikio, ujumbe wa kila siku ungetarajiwa kushinda. Kisha jaribio la Yaoundé nchini Kamerun, lililochapishwa mwaka 2012 na lenye watu 200, lilituma ujumbe wa kutia moyo kila wiki kwa miezi sita, pamoja na namba ambayo mgonjwa angeweza kuipigia mwenyewe, na halikupata tofauti ya wazi kati ya makundi. Kundi lilikuwa dogo na muda ulikuwa mfupi, kwa hiyo siwezi kudai kwamba limethibitisha ujumbe haufai. Hata hivyo, tofauti kati ya mhudumu anayempigia mgonjwa aliye kimya na mgonjwa anayeachiwa apige mwenyewe haipaswi kupuuzwa, kwa sababu mara nyingi mwenye shida kubwa ndiye asiyepiga.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwenye ukimya. Katika kazi ya kuchambua data za namna hii, safu inayonichukulia muda mrefu kuliko nyingine ni ile inayoonyesha kama mgonjwa alijibu. Seli iliyo tupu inaweza kuwa na maana nyingi: simu ilizimwa, laini ilibadilishwa, simu ni ya familia na siku hiyo ilikuwa na mtu mwingine, mgonjwa amehamia kituo kingine, mgonjwa amechoka kuulizwa, au mgonjwa amefariki. Kompyuta huziona zote kuwa kitu kimoja. Mchambuzi akizifuta safu mlalo zenye mapengo ili programu ya takwimu iendelee kufanya kazi, amewaondoa watu ambao hali yao ni mbaya zaidi, na wastani wa waliobaki utapanda bila mtu yeyote kupata nafuu. Nimezoea kupanga orodha ya wasiojibu kwa tarehe ya ujumbe wao wa mwisho na kuitazama mtu kwa mtu. Ukimya unaoanza kwa watu wengi siku moja huwa ni hitilafu ya mtandao, ilhali ukimya unaoanza kwa mtu mmoja, baada ya majibu mawili ya "Shida" mfululizo, ni habari ya kitabibu.

Pale ambapo hapakuwa na mgawanyo wa nasibu, ugumu huongezeka maradufu, kwa kuwa wanaochagua kutumia kitu si sawa na wasiokichagua. Utabibu ulijifunza hili kwa gharama kubwa kupitia dawa za homoni kwa wanawake waliokoma hedhi. Kwa miaka mingi tafiti za kufuatilia watu zilionyesha kwamba wanaozitumia hawapati sana ugonjwa wa moyo. Mwaka 2002, jaribio la nasibu la Women's Health Initiative nchini Marekani, lenye wanawake 16,608, lilisitishwa kabla ya wakati baada ya wastani wa miaka 5.2, kwa kuwa madhara ya mchanganyiko wa estrojeni na projestini yalizidi faida, ikiwemo ongezeko la ugonjwa wa moyo wenyewe. Maelezo mojawapo ya tofauti hiyo ni kwamba wanawake waliokuwa wakizichagua dawa hizo walikuwa na kipato na elimu zaidi, na walijitunza kwa njia nyingine nyingi ambazo takwimu hazikuzikamata zote.

Programu za afya za simu zimo katika hatari hiyohiyo, tena kwa kiwango kikubwa zaidi, maana kuitumia programu kunahitaji simu inayofaa, chaji, bando, macho yanayoona vizuri, uwezo wa kusoma na nafasi ya faragha. Kila kimojawapo cha vitu hivyo kinahusiana na afya hata kama programu haina faida yoyote. Tena mfuatano wa wakati unaweza kugeuka. Tunasema wanaoifungua programu kila siku wana afya bora, lakini mtu aliyezidiwa na homa haifungui programu, kwa hiyo ni afya iliyoamua matumizi. Mtakwimu Mwingereza Austin Bradford Hill alipoorodhesha mwaka 1965 mambo tisa ya kutazamwa kabla ya kusema kwamba kitu fulani ni sababu ya kingine, aliuweka mfuatano wa wakati miongoni mwake. Kwenye data za kidijitali, ambako kila tukio lina saa na dakika yake, hatuna udhuru wa kuuacha bila kuuchunguza.

Kulinganisha kabla na baada nitakutaja kwa ufupi tu. Ukiwachagua watu kwa sababu shinikizo lao la damu lilikuwa juu mwezi uliopita, wengi wao watashuka watakapopimwa tena hata usipowafanyia lolote, kwa kuwa kipimo cha kwanza kilibeba na bahati mbaya ya siku ile. Bila kundi linganishi, kifaa chochote kitakachotolewa katikati kitasifiwa kwa kushuka huko.

Upande wa akili mnemba una mtego wake, na ninauona kuwa hatari zaidi kwa sababu programu inaweza kutabiri vizuri sana huku ikiwa imejifunza sababu isiyo sahihi. Watafiti waliofunza mifumo ya kukadiria hatari ya kifo kwa wagonjwa wa nimonia nchini Marekani waligundua kwamba mfumo ulikuwa umejifunza kuwa mwenye pumu ana hatari ndogo ya kufa. Daktari yeyote angeshtuka. Data hazikudanganya, kwani wenye pumu walipelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi, na uangalizi huo ndio uliowaokoa. Mfumo kama huo ukipewa mamlaka ya kuamua nani arudishwe nyumbani, ungewanyima wenye pumu huduma ileile iliyowafanya waonekane salama.

Wakati mwingine kosa limo kwenye matokeo yaliyochaguliwa kupimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science ulichunguza mfumo uliotumika Marekani kuteua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Mfumo ulitabiri gharama za matibabu, kwa dhana kwamba mgonjwa zaidi hugharimu zaidi. Lakini fedha zilizotumika kwa wagonjwa Weusi zilikuwa chache kuliko za wagonjwa Weupe wenye ugonjwa wa kiwango kilekile, kutokana na ugumu wa kuifikia huduma, na hivyo mfumo ukawaona kuwa wenye afya kuliko walivyokuwa. Watafiti walikadiria kwamba kuondoa kasoro hiyo kungepandisha sehemu ya wagonjwa Weusi miongoni mwa wanaoteuliwa kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Hakuna aliyeandika rangi ya mtu kwenye fomula. Uamuzi wa kutumia fedha kama kipimo cha ugonjwa ulitosha.

Dawa inayopendekezwa mara nyingi kwa matatizo haya ni kuingiza kila kitu kilichokusanywa kwenye modeli ya takwimu na kuiacha ichuje. Siikubali. Tuseme programu inamkumbusha mgonjwa dawa, mgonjwa anameza dawa, kisha shinikizo la damu linashuka. Ukiiambia modeli isawazishe idadi ya vidonge vilivyomezwa, yaani iwalinganishe tu watu waliomeza vidonge sawa, umeifunga njia ambayo programu inapitia kufanya kazi, na utahitimisha kwamba haina athari. Kwa upande mwingine, usiposawazisha umri au ukali wa ugonjwa wa mwanzoni, utaisifu kwa jambo lisilo lake. Hesabu peke yake haiwezi kutofautisha hali hizi mbili, kwa kuwa kwenye jedwali la data zinafanana. Anayeweza ni mtu anayejua mambo yanavyotokea kituoni: nani huamua mgonjwa apewe simu, nini hutangulia nini, fomu hujazwa saa ngapi na nani.

Ndiyo maana siku hizi ninapoombwa kushiriki utafiti, ninaomba kwanza kukaa na wauguzi na makarani wa masjala kabla ya dodoso kuandikwa, tukachora kwenye karatasi mishale ya kila kinachodhaniwa kusababisha kingine, kisha mchoro huo na mpango wa uchambuzi vikatiwa tarehe na kuhifadhiwa kabla data hazijafika. Karani mmoja aliwahi kutueleza kwamba wagonjwa wanaofika alasiri husajiliwa kwa namba ya simu ya jamaa aliyewasindikiza, na sentensi hiyo ilibadilisha mpango mzima wa nani angehesabiwa kuwa amepata ujumbe.

Na kama ningeulizwa jaribio gani lifanyike kuhusu ujumbe wa kila wiki, ningependekeza makundi manne yaliyogawanywa kwa nasibu: ujumbe pekee, simu ya muuguzi pekee, vyote viwili, na huduma ya kawaida. Kila simu ya muuguzi irekodiwe ilidumu dakika ngapi na iliishia na hatua gani, iwe ni kubadilishiwa dawa, kupangiwa tarehe mpya au maneno ya faraja tu. Wingi wa virusi upimwe kwa wote, hata walioacha kujibu, na bajeti ya kuwatafuta wasiojibu iwekwe tangu mwanzo badala ya kungoja fedha zitakazosalia mwishoni.