Ulimbo wa Fenesi

Juzi mama watoto kanunua fenesi zima Darajani, likaletwa nyumbani linanuka mpaka kwa majirani. Binti yangu mdogo, ambaye haambiliki, akatia mikono kabla ya kupakwa mafuta. Hazikupita dakika mbili vidole vyote vimeshikana. Akanijia kanyoosha mikono mbele kama mtu aliyetiwa pingu.

"Baba, hautoki na maji!"

Najua hautoki na maji. Hilo nalijua kuliko mengi niliyosomeshwa.

Baba yangu hakutaka ng'ombe. Si ng'ombe wa maziwa, huyo tulikuwa naye. Ng'ombe wa mchezo, wa kwetu Pemba, anayechezwa uwanjani. Mtu ambaye redio anaifunga taarifa ya habari ikimalizika tu, maana baada ya habari isije ikaingia taarab, ndiye atake mnyama wa kuchezeshwa kwa zumari? Hoja zake zilikuwa tatu na kila moja ilitosha peke yake. Mchezo wenyewe, alisema, tumeachiwa na Wareno. Pili, zumari na ngoma. Tatu, wako wazee waliosema ng'ombe achezwe ili mvua inyeshe, na hilo hakulitaja bila ya kuleta astaghfiru mbele na nyuma. "Mvua ina mwenyewe." Mwaka ule, 1986, bei ya karafuu ilikuwa imeanguka. Leo najua kwamba Waindonesia, waliokuwa wakinunua karafuu zetu kwa ajili ya sigara zao, walikuwa wamekwisha kupanda mikarafuu yao hata ikawatosha. Baba hakuhitaji kwenda mbali hivyo. Sababu ilikuwa zumari la kijiji cha Kengeja.

Maisha yetu mnayajua, au mna mjomba aliyelelewa hivyo hivyo. Chuoni alfajiri, skuli, chuoni tena mchana. Sala tano msikitini, safu ya pili, nyuma ya mgongo wake. Akishatoa salamu kulia na kushoto shingo huendelea kidogo, anahesabu wanawe. Karata hakuna, bao hakuna, harusini unakwenda kula na kurudi.

Basi kaskazi hiyo nina miaka kumi na moja, nikatumwa Kengeja kumpelekea shangazi kopo la samli. Mwendo wa saa nzima kwa miguu. "Fika, salimia, rudi. Na alasiri ikukute msikitini, popote ulipo." Naam, Baba.

Siku hiyo kulikuwa na ng'ombe. Wallahi sikujua. Nilijua njiani, zumari liliponifikia.

Mtoto wa shangazi, mkubwa kwangu kwa miaka miwili, hakunipa hata nafasi ya kunywa maji. Yeye alikuwa hana baba wa kumhesabu, wake alikuwa baharini mwezi mzima. Tukapanda mfenesi ulioegemea uwanja, na kumbe nusu ya watoto wa Kengeja wamo humo humo, wananing'inia pamoja na mafenesi. Wakati napanda nikakanyaga fenesi changa likakatika kikonyo. Ulimbo mweupe ukanimwagikia viganjani, mpaka kifuani. Sikujali.

Chini kulikuwa na wanawake wamevaa kanga mpya, wanaimba na kupiga makofi kumtia hamasa ng'ombe, au kuwatia hamasa wanaume, sikuelewa vizuri. Ng'ombe akaingizwa. Mwekundu wa kuelekea weusi, nundu inamtikisika, kamba ndefu imeshikwa na wanaume wanne ambao nyuso zao hazikuonesha kuiamini. Akatoka mchezaji mmoja kashika kanga. Nilimjua, alikuwa akija kwetu kuuza dagaa, mtu mnyonge, akisema na baba huinamisha kichwa. Hakuinamisha kichwa siku ile. Alikwenda mpaka mbele ya pembe, akapiga goti moja, akaitandaza ile kanga juu ya mchanga taratibu, kama mtu anayetandika mswala. Ng'ombe akainusa. Zumari likapanda juu, likakaa huko huko juu.

Hapo ndipo ilipoadhiniwa.

Msikiti ule haukuwa na spika, ilikuwa sauti ya mzee tu inayokatikakatika kwa upepo. Lakini zumari lilinyamaza katikati ya pumzi. Makofi yakanyamaza. Mwanamke mmoja akajivutia kanga kichwani. Yule muuza dagaa alibaki vile vile na goti lake chini, ng'ombe naye kamkazia macho, na wote wawili, naapa, walikuwa wakisikiliza adhana. Nilisikia majani ya mfenesi. Nilisikia pua ya ng'ombe. Nyumbani nilikuwa nimefunzwa kwamba watu wa ng'ombe hawasikii adhana, na hapa walikuwa wametulia kuliko safu yetu ya pili, ambako mdogo wangu hufinyana na mimi kila siku.

Mzee akamaliza. Wachache wakajitoa wakaelekea msikitini. Wengine hawakuondoka, na zumari likajikohoa, likajaribu sauti moja, mbili.

Ningependa kusema niliamua. Sikuamua. Miguu ilianza kushuka yenyewe, na mtoto wa shangazi akanikamata shati: "Wee, bado ng'ombe!" Nikashuka kwa kifua, gome linanichuna. Nilikuwa nimeshafika kwenye kibanda cha maji nyuma ya uwanja niliposikia mlio wa watu wote kwa pamoja. Uuuu! Sijapata kuusikia tena mlio kama ule. Sikugeuka.

Birikani nikatia udhu. Maji yakateleza juu ya viganja kama juu ya jani la mgomba. Ulimbo. Nikasugua kwa mchanga, nikasugua kwa jiwe, ukawa mweusi tu. Na mimi, mtoto wa baba yangu, nilijua vyema kwamba pakiwa na kitu kinachozuia maji yasiifikie ngozi, udhu haujatimia, na asiye na udhu hana sala. Nililisoma hilo kwa bakora. Ikakimiwa. Nikaingia. Nilipofunga mikono ikashikana, nilipokwenda sijida viganja vikaganda mkekani, na kila nikiinuka vinatoka na uzi wa mkeka.

Nyumbani nilifika jua linakaribia kuzama.

"Alasiri imekukuta wapi?"

"Kengeja, Baba."

"Umesali jamaa?"

"Ndiyo, Baba."

"Rakaa ngapi umewahi?"

"Zote nne."

Akanitazama, akatabasamu, jambo la nadra, akanikatia embe yeye mwenyewe. Nilimwambia kweli tupu, na embe lile halikupita kooni.

Huwa namfikiria huyo mwengine, mimi niliyebaki juu ya mti. Kashuka magharibi, kajua ng'ombe alimfanya nini muuza dagaa. Harusini hasimami karibu na masinia kama mimi, anaingia uwanjani anacheza. Akikosa gari ya mchana hahesabu dakika zilizobaki za alasiri. Namwonea wivu mpaka nikijaribu kumpeleka nyumbani. Nani kamfunza herufi kabla ya skuli? Nani kamwamsha? Kila nikimtilia baba mwengine pale mlangoni, baba huyo hana uso. Basi namrudisha mtini, akae huko.

Na mtoto wa shangazi, aliyeona ng'ombe wote wa Kengeja? Siku hizi ana ndevu kunizidi, na mwaka juzi kanitumia ujumbe mrefu wa sauti kuhusu uharamu wa zumari. Mimi ndiye ninayemtazama ng'ombe kwenye simu, usiku, nimepunguza sauti.

Alasiri ile nimeilipa mara tatu. Ya tatu ni wiki aliyozikwa baba. Hata sijui kama inahesabiwa.

Nikamsugua binti yangu mafuta ya nazi, kidole kimoja kimoja. Nilikuwa nimeshamsimulia mpaka kwenye mlio.

"Kwani ng'ombe alimfanya nini?"

"Sijui."

"Hukumuuliza?"

"Alikuja kuuza dagaa wiki ile ile. Baba alikuwepo."

Akafikiri. Msikiti wa mtaani ukaanza kukwaruza spika. Akanyoosha mikono. "Umetoka sasa?"

Nikavikagua, mpaka chini ya kucha, nikamwambia bado.